Mwaka Tuliokatazwa Kuosha Maiti

Shule zilipofungwa mwaka ule wa korona, mimi mwalimu wa Kiswahili nilibaki nyumbani Garissa bila kazi. Idara ya afya ilikuwa inatafuta mwanamke wa kusoma matangazo kwa Kisomali na Kiswahili, maana waliona akina mama hawatoki nje kumsikiliza mwanamume mgeni. Nikaomba kazi hiyo, nikaipata. Kila asubuhi nilipanda gari lenye kipaza sauti juu ya paa, nikaketi mbele karibu na dereva. Nyuma yetu aliketi afisa wa afya, mwanamume wa makamo kutoka magharibi mwa nchi, aliyehamishiwa kwetu muda mfupi kabla ya ugonjwa kuingia. Tulizunguka kwenye mabulla, mitaa yetu ya pembezoni yenye nyumba za fito, mabati na maturubai, nami nikasema yaleyale: naweni mikono kwa maji na sabuni, msisalimiane kwa mikono, vaeni barakoa, mwenye homa na kikohozi aende hospitali.

Jioni nilirudi kwa Eddo. Eddo ndivyo tunavyomwita shangazi, dada wa baba. Mama alifariki akinizaa, na Eddo ndiye aliyenilea, kwanza malishoni upande wa Kotile, kisha mjini baada ya ukame kummalizia ng'ombe. Alikuwa mrefu, mkavu, mwepesi wa kucheka. Katika bulla letu yeye ndiye aliyeosha maiti wa kike. Hakuna aliyempa cheo hicho. Mwanamke akifariki, watu walikuja mlangoni petu wakasema, "Eddo, twende," na hata waliomzidi umri walimwita hivyo. Alichukua majani yake ya mkunazi yaliyosagwa, kafuri, na kitambaa safi, akaenda. Alirudi kimya, akaoga, akaswali, kisha akaomba chai.

Watu husema wenzetu wa mabulla hawakufuata miongozo kwa sababu hawakuelewa. Mimi niliyeisoma miongozo hiyo kila siku najua walielewa. Wiki za mwanzo walikuwa wakinisikiliza. Akina mama walishona barakoa kwa vipande vya magauni ya dira yaliyochakaa. Milangoni palitokea ndoo zilizotobolewa chini na kuzibwa kwa kijiti. Lakini maji yetu yanakuja kwa mkokoteni wa punda, na kuna siku punda hafiki. Mama mmoja alisimama mbele ya gari akiwa ameshika birika, akaniuliza bila hasira, "Abaayo, dada yangu, haya ndiyo yaliyobaki. Ninywe, nitawadhe, au ninawe kila nikigusa mlango?" Nilimtafsiria afisa. Afisa akafikiri, akasema, "Mwambie kitakasa mikono pia kinafaa." Hakuwa nacho cha kumpa.

Halafu kulikuwa na salamu. Kwetu mtu akikunyima mkono maana yake ana neno na wewe, pengine la damu. Niliwaona wazee wawili wakikutana nje ya msikiti uliofungwa, kila mmoja akauficha mkono nyuma kama tulivyowafundisha, wakatazamana. Mwishowe mmoja akatoa wake, na mwenzake akaushika kwa mikono miwili, kwa nguvu.

Na kulikuwa na kafyu. Jua likizama, askari walipita wakiwachapa wanaume kwa fimbo, hata waliokuwa wakiswali kwenye baraza za nyumba zao. Asubuhi nilipopita na gari lenye nembo ileile ya serikali kusema tunawajali, niliona mtu anayechechemea akinitazama tu. Wazee wetu walikumbuka zamani, malori ya jeshi yalivyokuja na vipaza sauti kama changu na watu wakaitwa uwanjani. Walioitikia mwito siku zile, wengine hawakurudi. Hayo yote yalikuwa mioyoni mwao. Hata hivyo, walikuwa bado wanasikiliza.

Walichoshindwa kukivumilia ni maziko ya yule mchuuzi wa nguo.

Alikuwa mtu wa bulla la jirani. Barabara za Nairobi zilipofungwa, alirudi amejificha kati ya magunia kwenye lori, akiwa tayari ana homa. Wanawe walifanya kama nilivyowaambia: wakampeleka hospitali wenyewe, mapema. Akafia huko. Afisa akaniomba niende makaburini kuzungumza na familia kwa lugha yao.

Wanawe walizuiliwa mbali, nyuma ya utepe, na askari wawili. Gari la hospitali likaja, wakashuka watu waliovaa nguo nyeupe za plastiki kuanzia kichwani hadi miguuni, wakamtoa baba yao akiwa ndani ya mfuko.

Mwana mkubwa akaniuliza, "Ameshaoshwa?"

Nilimuuliza afisa. Akatikisa kichwa. "Mwambie miongozo hairuhusu. Maiti anaweza kuambukiza."

Nikalainisha maneno kadiri nilivyoweza. Kijana akanisikiliza hadi mwisho, akasema, "Muulize kama baba yake mzazi angemzika katika nailoni." Hilo sikulitafsiri, lakini nadhani afisa alilielewa, maana aliinamisha uso.

Kaburi letu lina mwanandani, ule upenyo wa ubavuni ambamo maiti hulazwa akielekezwa kibla. Wale watu hawakuujua. Waliuteremsha mfuko kwa kamba, ukakwama ukingoni. Mmoja akausukuma kwa mpini wa koleo, ukaanguka chini kwa kishindo. Wakaanza kufukia. Mwana mdogo akapiga ukelele ambao sijausikia tena maishani, naye askari akamwelekezea fimbo kifuani, asivuke utepe. Mtu fulani alirekodi kwa simu. Kabla ya Magharibi, binamu zangu wa Griftu na wa Elwak, mbali kaskazini, walikuwa wameshanipigia. "Ni kweli mnazikwa hivyo huko?"

Tangu siku hiyo, mitaa ilibadilika. Gari lilipoingia bulla, mapazia yalishushwa. Nilisikia mama akimwambia mtoto wake, "Meza kikohozi, gari linapita." Wenye homa walisemekana wana malaria, wenye kubanwa kifua wana pumu, na waliokufa walikufa kwa presha. Waliogopa ugonjwa, naam, lakini walituogopa sisi zaidi. Kifo walikijua tangu zamani. Kutupwa kaburini bila maji na bila mkono wa mtu wako, hilo hawakulijua, na sisi ndio tuliolileta.

Nikamwambia afisa, "Waruhusu waoshe. Wape glavu na hizo nguo, simameni nao muwaelekeze. Mkifanya hivyo watawaita wenyewe."

"Nimeshauliza," akasema. "Majibu yanatoka Nairobi, na jibu ni hapana."

Jirani yetu wa nyumba ya pili alikuwa muuza maziwa ya ngamia. Alipokea vidumu kutoka malishoni alfajiri, akauza sokoni na binti yake hadi adhuhuri. Alikuwa rafiki wa Eddo tangu walipohamia mjini, na kila siku walikunywa chai pamoja wakiwasema watu. Siku moja hakuonekana sokoni. Binti yake akasema ni malaria. Nilimsikia mama mtu akikohoa usiku na mchana kupitia ukuta wa mabati. Nilikwenda mlangoni kwao nikamwambia binti, "Mpelekeni hospitali, wana oksijeni." Akanijibu bila kunifungulia, "Na mkishamwekea oksijeni mtamfanya nini?" Nikarudi kwetu.

Baada ya swala ya Alfajiri siku chache baadaye, binti alikuja kwetu. Hakulia. Alisimama mlangoni akasema, "Eddo, twende."

Eddo alinyanyuka kuchukua majani yake ya mkunazi. Nilisimama kati yake na mlango.

"Eddo, unajua amekufa kwa nini."

"Najua."

"Basi usiende. Waache waje wale wa hospitali."

Akanitazama kwa upole, kama nilipokuwa mdogo nikasema jambo la kitoto. "Huyu nimemwosha mama yake. Nimemwosha mtoto wake aliyezaliwa mfu. Leo yeye mwenyewe nimwache kwa sababu ya redio?"

"Si redio, Eddo. Ni mimi ninayesema."

"Najua ni wewe. Nakusikia kila siku unapopita. Una sauti nzuri."

"Utakufa."

"Unaniambia kama kwamba nilikuwa sijui," akasema. "Nipishe, mama yangu. Maji yanapoa."

Nilimpa barakoa na glavu kutoka kwenye mkoba wangu wa kazi. Alivaa zote mbili mbele yangu, kwa kunifurahisha. Niliketi nje ya nyumba ya jirani, nikasikia maji yakimwagwa kidogo kidogo, na sauti yake ikisoma dua, ikisita, ikiendelea. Alipotoka, barakoa ilikuwa imelowa na inaning'inia kidevuni, na mikono ilikuwa mitupu. "Nilishindwa kusoma nikiwa nimezibwa mdomo," akasema. Wanaume wakamchukua maiti wakamzika kabla jua halijapanda.

Alasiri gari letu likapita hapo. Afisa aliona turubai limefungwa na wanaume wamekaa kwenye mikeka. "Nani amefariki?" akauliza.

Dereva, ambaye ni mtu wa mji huu, akajibu, "Mama mmoja. Presha."

"Presha," afisa akarudia polepole. Akatazama nje ya dirisha mpaka tulipoipita ile nyumba. Kisha akasema, si kwa sauti ya kazi, "Kwetu wiki iliyopita wamemzika mjomba wangu. Jeneza lilikaa wazi sebuleni, watu wakakesha nalo, wakaimba, wakamshika uso. Niliwapigia simu nikawaeleza. Mimi ndiye daktari wa ukoo, hivyo ndivyo wanavyoniita. Wakazima simu." Dereva akabadilisha gia.

Eddo alianza kuumwa wiki iliyofuata. Siku hiyo alikuwa amefukiza uunsi, udi wetu wa nyumbani, baada ya Asri. Moshi ulijaa chumba hata macho yakawa yananiwasha. Yeye akainama juu ya kifukizo, akavuta pumzi, akaniuliza, "Mbona mkaa huu haunuki kitu?" Nilijua papo hapo. Usiku homa ikapanda. Baada ya siku kadhaa akawa hawezi kutoka mkekani hadi mlangoni bila kutua.

Nilimsihi, nilimlilia. Alikataa kwa kichwa ili asipoteze pumzi. Nilimwambia kuna vitanda, kuna mitungi ya oksijeni, kuna waliokwenda wakarudi, na hilo lilikuwa kweli. Akasema, "Nimeona video." Nikamwambia tena, nikamwambia tena. Hatimaye midomo yake ilipoanza kubadilika rangi, alinishika gauni.

"Ukiniahidi nitaoshwa, nitakwenda."

"Ninakuahidi."

"Si wao. Wewe."

"Mimi, Eddo."

Sikuwa na uwezo wa kuahidi jambo hilo, naye huenda alilijua. Lakini alikubali, nami nikampigia afisa simu. Gari la wagonjwa likaja mchana. Bulla zima lilishusha mapazia, na nyuma ya kila pazia kulikuwa na macho. Waliomchukua walikuwa wamevaa zile nguo nyeupe. Eddo alipowaona alifumba macho, na hakuyafumbua hadi mlango wa gari ulipofungwa.

Sikuruhusiwa kuingia wodini. Muuguzi mmoja, msichana kutoka Kitui, alikuwa mwema. Alimwekea Eddo simu sikioni ili tuongee. Nilimsikia Eddo akimwambia kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Sista, mimi nabumua mbaya. Wewe kula kwanza, utachoka." Kisha akarudi kwangu, kwa Kisomali. "Umeshawaambia?"

"Nimewaambia."

"Wamesemaje?"

"Wanaangalia."

Pumzi yake ikasikika simuni kama mtu anayepanda mlima. "Haya," akasema. "Haya, mama yangu."

Afisa alikuwa kweli anaangalia. Alipiga simu kwa wakubwa wake mbele yangu, akazungumza kwa heshima, kisha kwa ukali, kisha akaweka simu mezani na kukaa akiitazama. Siku Eddo alipofariki, alikuja mwenyewe kuniambia. Alisimama mbali kidogo, kama miongozo inavyotaka.

"Maji wamekataa," akasema. "Hawataki mfuko ufunguliwe. Nimemwona sheikh wenu. Anasema palipo na dharura, tayamamu, ya mchanga badala ya maji, inatosha, juu ya mfuko. Mwanamke wa familia anaweza kuifanya. Nguo za kujikinga nitakupa mimi."

Walinivalisha lile vazi jeupe katika chumba kidogo nyuma ya hospitali. Muuguzi wa Kitui alinifunga utepe kwenye vifundo vya mikono. Nilijiona kwenye kioo cha dirisha nikashtuka, maana nilikuwa yuleyule mtu watoto wa bulla letu wanayemkimbia. Eddo alikuwa kwenye meza ya chuma, ndani ya mfuko. Nilimjua kwa urefu. Niliupiga mkono wenye glavu kwenye mchanga safi tuliouleta, nikaupitisha juu ya plastiki, mahali nilipodhani ni uso. Nikaupiga tena, nikaupitisha mahali pa mikono. Plastiki ililia chini ya kiganja. Nilisoma niliyoweza kusoma. Miwani ya vazi ilijaa ukungu, sikuona tena kitu. Muuguzi akanishika bega akanitoa.

Afisa alifanya jambo moja zaidi: aliwavalisha binamu zangu wawili wa kiume nguo hizohizo, wakashuka kaburini, wakamlaza Eddo ndani ya mwanandani akielekea kibla. Nililitazama hilo kutoka ndani ya gari, maana kwetu wanawake hatuendi kaburini, na safari hii sikuwa kazini. Lakini waliosimama mbali hawakuona binamu wala kibla. Waliona watu weupe tena, na mfuko tena.

Waliokuja kunipa pole walikuwa wachache. Walisimama kwenye ua, wakasema maneno ya pole, wakaondoka. Mwanamke aliyewaosha mama zao na dada zao hakupata mkeka uliojaa watu. Binti wa muuza maziwa alikuja siku ya tatu, akaketi karibu nami, bila barakoa.

"Mama yangu alioshwa na nani?" akaniuliza. "Eddo yako. Na Eddo yako ameoshwa na nani?"

"Na mimi. Kwa mchanga, juu ya mfuko."

Akalia kwa ajili ya Eddo, kwa sauti, na mimi nikalia. Alipotulia akasema, bila kunitukana, "Unaona sasa kwa nini sikukufungulia mlango." Nikamwambia naona. Nikamwambia pia kwamba mama yake alikufa akikosa hewa, na hewa ilikuwepo hatua chache kutoka hapo. Akasema na yeye analiona hilo. Tuliketi hivyo mpaka Magharibi, kila mmoja akiwa na mambo mawili ya kweli yasiyopatana.

Nilirudi garini kwa sababu sikujua mahali pengine pa kwenda. Miezi ikapita. Siku moja afisa aliingia na karatasi mpya kutoka Nairobi: sasa familia ziliruhusiwa kuosha maiti zao, mradi wawe wachache, wavae glavu na barakoa, na waelekezwe. Alinipa nisome bila kunitazama. Nilisoma kwenye kipaza sauti katika kila bulla. Katika letu, bibi mmoja mzee alitoka akiegemea fimbo, akaja hadi kwenye dirisha la gari.

"Ugonjwa umebadilika?" akauliza.

"Hapana, ayeyo. Ni uleule."

"Basi walijua tangu mwanzo kwamba inawezekana?"

Nilimtafsiria afisa. Akasema kwamba wataalamu nao walikuwa wanajifunza, kwamba mwanzoni hakuna aliyejua. Ni kweli, naamini ilikuwa kweli. Bibi alisikiliza tafsiri yangu, akaitikia kwa kichwa kwa adabu, akarudi ndani. Wiki hiyo hakuna aliyeita hospitali kuelekezwa, wala wiki iliyofuata.

Chanjo ilipokuja, shule zilikuwa zimefunguliwa nami nilikuwa darasani tena, lakini waliniomba nitangaze kwa siku za mapumziko. Nilichanjwa mbele ya watu ili wanione. Kisha nikaenda sokoni, nikamkuta binti wa muuza maziwa amekaa mahali pa mama yake, vidumu vimepangwa kivulini.

"Wewe umechanjwa?" akaniuliza.

"Nimechanjwa. Mkono unauma kidogo, basi."

"Nani amekuambia ni salama?"

"Watu wa afya."

"Walewale?"

"Walewale."

Akafukuza nzi, akamimina maziwa kwenye kikombe, akanipa nionje kama alivyofanya mama yake kwa kila mtu. Yalikuwa mazuri, yana harufu ya moshi. Akasema atafikiria. Nilimwambia foleni haina watu, asichelewe, na nikamwambia tena nilipokuwa naondoka. Sikumwona kwenye foleni siku hiyo, wala kesho yake.